Wiski ya Kanada: yaliyo kwenye lebo na yaliyo kwenye glasi

Mapema Septemba 2025, Doug Ford, Waziri Mkuu wa jimbo la Ontario nchini Kanada, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya Crown Royal, akaifungua na kuimwaga chini. Alikuwa amekasirishwa na uamuzi wa kampuni ya Diageo, inayomiliki wiski hiyo, wa kufunga kiwanda chake cha kujaza chupa katika mji wa Amherstburg na kuhamishia sehemu ya kazi hiyo Marekani. Miezi sita kabla ya hapo, majimbo ya Kanada yalikuwa yameanza kuziondoa pombe za Kimarekani kwenye rafu za maduka kutokana na vita vya ushuru, na wananchi walikuwa wakihimizwa kununua vya kwao. Ndipo maswali yalipoanza kufuatana. Je, Crown Royal ni ya Kanada au si ya Kanada? Mmiliki akiwa na makao yake makuu London na chupa zikijazwa Marekani, Ukanada wake unabaki wapi? Na kwa nini chupa moja imeandikwa "Canadian Whisky" na nyingine "Rye", ilhali muuzaji anakuapia kwamba kisheria ni kitu kimoja?

Maswali hayo yana majibu, na majibu yenyewe ndiyo msingi wa kuionja wiski hiyo kwa haki. Makala hii haimhimizi mtu kunywa. Asiyegusa pombe anaweza kuisoma kama maelezo ya ufundi wa kiwandani na kazi ya pua. Hoja yangu ni kwamba wiski ya Kanada huhukumiwa vibaya kabla hata haijafika mdomoni, kwa sababu wengi huijia na vipimo vya Scotland au vya Kentucky huko Marekani, na lebo yenyewe haiwasaidii hata kidogo.

Sheria inadai nini

Wiski ni pombe kali inayotokana na nafaka. Nafaka husagwa na kupikwa kwa maji ya moto, wanga wake ukageuzwa kuwa sukari kwa msaada wa kimea au vimeng'enya, kisha uji huo hutiwa hamira na kuachwa uchachuke hadi uwe bia chafu isiyotamanisha. Bia hiyo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa mpaka uwe kimiminika tena, na kwa kuwa kilevi huchemka kabla ya maji, kinachokusanywa huwa kikali mara nyingi kuliko kilichoingia. Hadi hapo bado si wiski. Kinachokitofautisha kimiminika hicho na pombe nyingine kali za nafaka ni miaka kinayokaa ndani ya pipa la mbao.

Kanuni za Kanada zinadai kwamba wiski ya nchi hiyo iandaliwe kwa nafaka, ichachushwe kwa hamira, ikenekwe Kanada, na ikae Kanada kwa muda usiopungua miaka 3 ndani ya mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700 kila moja. Kiwango chake cha kilevi kisipungue asilimia 40. Inaruhusiwa kutiwa karameli kwa ajili ya rangi, pamoja na kiasi fulani cha vionjo, jambo ambalo nitalirudia. Zaidi ya hayo, iwe na harufu, ladha na tabia ambazo kwa kawaida huhusishwa na wiski ya Kanada, kifungu ambacho, kwa maoni yangu, hakimwongozi mtu popote, kwa kuwa kinaieleza wiski kwa kusema ifanane na yenyewe.

Tazama sasa yale ambayo sheria haikuyataja. Haikutaja mahali pa kujazia chupa, wala uraia wa mwenye kampuni. Crown Royal hukenekwa Gimli, mji mdogo kando ya Ziwa Winnipeg katika jimbo la Manitoba, na kisheria ingebaki kuwa wiski ya Kanada hata kama kila tone lake lingejazwa ng'ambo ya mpaka. Si jambo geni pia: kwa miongo mingi wiski ya Kanada ya bei nafuu imekuwa ikisafirishwa kwa matangi kwenda Marekani na kutiwa kwenye chupa huko. Ajira zilizopotea Amherstburg ni suala zito, lakini ni suala la ajira, na pua ya mwonjaji haiwezi kulinusa.

Kitu cha tatu ambacho sheria haikukidai ndicho kinachowachanganya watu zaidi. Haikudai rai.

Rai isiyo na rai

Rai ni nafaka ya jamii moja na ngano na shayiri, yenye punje nyembamba za rangi ya kijivu, inayostahimili baridi kali na udongo duni, na ndiyo maana inastawi katika nyanda za Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Kwa mtu aliyeizoea sheria ya Marekani, chupa iliyoandikwa "Rye" lazima iwe imetokana na nafaka ambazo walau asilimia 51 yake ni rai. Nchini Kanada sivyo. Majina "Canadian Whisky", "Canadian Rye Whisky" na "Rye Whisky" yana maana moja kisheria, na kiwanda kinaweza kutumia lolote kati ya hayo kwa wiski ambayo sehemu yake kubwa kabisa ni mahindi. Ukiingia kwenye baa ya Calgary ukaagiza "rye", utamiminiwa wiski ya Kanada. Kama ndani yake mna rai nyingi, kidogo au hakuna, hilo hutegemea kiwanda.

Asili ya mkanganyiko huu ni mambo ya masokoni. Katika karne ya 19 wenye vinu vya kusaga nafaka wa Ontario walikuwa na mabaki mengi ya ngano, wakayageuza kuwa wiski. Wahamiaji wenye asili ya Ujerumani na Uholanzi, waliozoea pombe za rai huko kwao, walipendekeza rai kidogo itiwe kwenye ule mchanganyiko wa ngano ili upate makali. Wanywaji wakaipenda, wakawa wanaiomba kwa jina la hiyo nafaka ndogo iliyoongezwa, na jina likaendelea kutumika hata mahindi yalipokuja kuchukua nafasi ya ngano. Sheria ilipoandikwa ilikuta watu wameshazoea, ikaandika walivyozoea.

Anayetaka rai yenyewe hana budi kuisoma lebo mstari kwa mstari. Alberta Premium, ya kiwanda cha Alberta Distillers mjini Calgary, hutengenezwa kwa rai tupu, jambo ambalo viwanda vingi hulikwepa kwa sababu uji wa rai hunata na kutoa povu hadi kukwamisha mitambo. Lot No. 40, inayotengenezwa katika kiwanda cha Hiram Walker mjini Windsor, nayo ni rai tupu. Crown Royal Northern Harvest ina asilimia 90. Kampuni zenye rai nyingi ndani ya chupa huandika kiasi hicho kwa herufi kubwa, kwa hiyo ukikutana na neno "Rye" lisilofuatana na takwimu yoyote, chukulia kwamba mahindi yametawala. Ningependa kuona sheria hii ikirekebishwa, lakini viwanda vina karne nzima ya mazoea ya kuitetea.

Kwa nini huchanganywa mwishoni

Tofauti kubwa kati ya wiski ya Kanada na ya Marekani haimo katika nafaka, imo katika mpangilio wa kazi. Mtengenezaji wa bourbon, wiski ya Kimarekani ambayo sehemu yake kubwa ni mahindi, huanza kwa kuchanganya mahindi, rai na shayiri katika chungu kimoja, vikachachuka pamoja, vikakenekwa pamoja na kuingia kwenye pipa pamoja, kama mpishi wa pilau anavyotia mchele, nyama na viungo katika sufuria moja ili kila kitu kiive kwa maji yale yale. Mkanada, kwa kawaida, anapika biriani: wali mbali, rojo mbali, kila kimoja kwa moto na muda wake, na vinakutana wakati wa kupakua.

Wali wa biriani hiyo ni ile inayoitwa wiski ya msingi. Mara nyingi ni ya mahindi, hukenekwa katika mitambo mirefu ya mnara hadi kiwango cha kilevi kikaribie asilimia 95, kisha hutiwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika, hasa yale yaliyowahi kukaa bourbon, kwa kuwa sheria ya Marekani inawalazimu watengenezaji wa bourbon kutumia mapipa mapya na hivyo kuwaacha na ya zamani ya kuuza. Rojo ni wiski ya ladha: aghalabu rai, pengine shayiri au ngano, iliyokenekwa kwa kiwango cha chini zaidi ili harufu na mafuta ya nafaka yasipotee, wakati mwingine katika mitambo ya shaba yenye umbo la chungu, na kuhifadhiwa ama katika mapipa mapya yaliyounguzwa ndani ama katika ya zamani. Baada ya miaka kadhaa mchanganyaji mkuu huonja pipa baada ya pipa na kuamua kiasi gani cha hii kikutane na kiasi gani cha ile.

Haifanyiki hivyo kila mahali. Wiski ya Canadian Club huchanganywa kwanza na kuhifadhiwa baadaye. Forty Creek ya mjini Grimsby ilifika mbali zaidi upande wa pili: mwanzilishi wake, John Hall, aliyetoka katika utengenezaji wa mvinyo, alizichukulia rai, shayiri na mahindi kama mvinyo wa zabibu za aina tatu, kila nafaka na mkeneko wake na mapipa yake. Kiwanda cha Glenora huko Cape Breton hutengeneza wiski ya kimea cha shayiri pekee kwa mtindo wa Scotland, na kilishindana mahakamani kwa miaka kadhaa na chama cha watengenezaji wa wiski wa Scotland juu ya haki ya kulitumia jina Glen Breton, kikaibuka mshindi mwaka 2009.

Uongo wa "vodka ya kahawia"

Katika wiski ya msingi ndipo dhihaka inayojulikana sana huzaliwa, kwamba wiski ya Kanada ni vodka iliyopakwa rangi. Wanaoirudia wana chembe ya hoja: pombe iliyokenekwa karibu asilimia 95 huwa imeacha nyuma sehemu kubwa ya ladha ya nafaka yake. Lakini pombe hiyo haiingii kwenye chupa ikiwa katika hali hiyo. Ni lazima ikae kwenye pipa miaka 3 au zaidi, na mbao huifanyia kazi. Ukitaka kuona pombe isiyo na ladha ikiuzwa kwa jina la wiski, tazama aina ya Kimarekani inayoitwa "blended whiskey", ambayo sheria ya huko inaruhusu asilimia 80 yake iwe pombe isiyowahi kuliona pipa. Kanada hairuhusu hivyo.

Isitoshe, mbinu ya kuchanganya pombe nyepesi na nzito ndiyo inayozalisha karibu wiski zote maarufu za Scotland zinazonywewa Nairobi na Dar es Salaam. Johnnie Walker Red Label na Black Label zina wiski ya nafaka iliyokenekwa kwenye mitambo ya mnara, iliyounganishwa na wiski za kimea zenye nguvu. Sijawahi kumsikia mtu akiziita vodka. Tofauti ni kwamba moshi wa Scotland humfikia mnywaji waziwazi, ilhali rai ya Kanada, ikiwa kidogo, huja kwa upole na humpita mwenye haraka.

Kuna pia uvumi wa asilimia 9.09, kwamba wiski ya Kanada hutiwa vitu vingine visivyo wiski. Umetiwa chumvi, ila si wa kubuni. Sehemu moja katika kumi na moja ya wiski ya Kanada inaweza kuwa pombe nyingine kali au mvinyo, hata ikitoka nje ya nchi, na pombe kali inayoongezwa sharti iwe imekaa kwenye mbao walau miaka 2. Utaratibu huu ulishika mizizi kwa sababu za kodi: wiski ya kuuzwa Marekani iliyokuwa na kiambato cha Kimarekani ilipata nafuu ya ushuru huko, kwa hiyo mwenye kampuni alikuwa na kila sababu ya kutia bourbon kidogo. Hutumika zaidi katika wiski za bei ya chini za kusafirishwa, na za ubora wa juu kwa kawaida hazina haja nayo. Alberta Premium Dark Horse iliutumia mwanya huo hadharani: asilimia 91 rai, 8 bourbon, 1 sheri (mvinyo wa Hispania ulioongezwa kilevi), na wahakiki wengi waliipenda. Ningemlaumu mwenye kuficha, simlaumu mwenye kutia.

Kuhusu hadithi kwamba wiski ya Kanada ilijengwa na magendo ya miaka ya marufuku ya pombe Marekani, kati ya 1920 na 1933, inatosha kusema kwamba umaarufu wake ulianza mapema zaidi, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipodhoofisha viwanda vya Marekani na Wakanada wakaziba pengo. Hiram Walker alijenga kiwanda chake upande wa Kanada, akitazamana na Detroit kuvuka mto, mwaka 1858. Warithi wake waliuza biashara hiyo kwa Harry Hatch mwaka 1926, katikati ya marufuku, kwa dola milioni 14. Wenye mali inayopanda thamani kila siku hawana haraka ya kuiuza.

Kuonja

Glasi inayofaa ni ile yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa, kwa sababu hukusanya harufu na kuipeleka puani. Glasi pana ya baa huiacha harufu itawanyike. Mimina kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, na uiache dakika chache. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo, maana kilevi kitakachopanda kitaipiga ganzi pua yako kabla hujaanza. Nusa ukiwa umefumbua mdomo kidogo, pua ikiwa juu ya ukingo na si ndani ya glasi, kisha ondoa, pumua hewa safi, urudie. Karibu kila anayeanza hukimbilia mdomoni, lakini pua ndiyo inayotambua mamia ya harufu. Ulimi una uwezo wa utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ile ladha nzito ya mchuzi, basi.

Rangi iache. Wiski ya Kanada inaruhusiwa kutiwa karameli, kwa hiyo weusi wake hauthibitishi umri, na ile michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi inakueleza habari za kiwango cha kilevi kuliko za ubora.

Kwa mwonjaji wa Afrika Mashariki, tathmini nyingi zilizoandikwa Amerika ya Kaskazini ni mtihani, kwa kuwa zimejaa sharubati ya mti wa mepo, mkate mzito wa Kijerumani na peremende za utotoni za watu wengine. Hazikulazimishi kunusa kwa kumbukumbu zao. Don Livermore, mchanganyaji mkuu wa Hiram Walker mwenye shahada ya uzamivu katika fani hiyo, hupanga harufu za wiski kwa vyanzo vyake vitatu: nafaka, hamira na mbao. Mpangilio huo unafaa kuliko orodha ndefu ya sifa, kwa sababu unaweza kuujaza kwa vitu vya jikoni kwako. Mbao za mwaloni zilizopashwa moto hutoa vanila, na mwaloni mweupe wa Amerika hutoa harufu ya nazi. Karafuu nayo mwonjaji haibuni. Kemikali inayoifanya karafuu ya Pemba inukie, yujenoli, imo pia ndani ya mwaloni, na huvuja kutoka kwenye pipa hadi kwenye wiski. Hamira huleta matunda, ndizi mbivu zikiwa mojawapo. Rai huleta ukali mkavu wa viungo, kitu kilicho kati ya pilipili manga na tangawizi kavu.

Chukua Lot No. 40, yenye kilevi cha asilimia 43. Inapokaribia pua hutangulia kitu kama mkate mweusi uliotoka tu jikoni, kisha karafuu na mdalasini, na nyuma yake harufu ya maua ambayo wengine hawaipati hadi dakika kumi zipite. Mdomoni huanza na utamu wa sukari guru, lakini utamu huo haudumu, kwa kuwa viungo huupanda kuanzia katikati ya ulimi kwenda nyuma. Ukishameza au kutema, toa pumzi kwa pua huku mdomo umefungwa, na hapo ndipo utakapokutana na alama ambayo mimi huitafuta katika kila wiski ya Kanada: uchungu mwepesi, safi, kama ule weupe ulio kati ya ganda la balungi na nyama yake. Wapo wanaouona kuwa kasoro. Kwangu ndio unaoizuia wiski isiwe sharubati, kwani karameli na vanila peke yake huchosha baada ya mikupuo miwili.

Baada ya mkupuo wa kwanza ongeza matone ya maji na uonje tena. Maji hupunguza ukali wa kilevi na kuziachia harufu zilizokuwa zimefunikwa. Katika wiski ya asilimia 40 yatosha matone machache, bali Alberta Premium isiyopunguzwa makali, inayotoka kwenye pipa ikiwa na kilevi cha zaidi ya asilimia 60, inahitaji maji ya kutosha, na anayeinywa kavu ili kuonyesha ushujaa hataonja kitu. Ukizionja kadhaa kwa pamoja, tangulia na nyepesi, malizia na nzito, na uishie kwenye nne, maana kuanzia hapo ulimi umechoka na unachokiandika si tathmini tena.

Ifahamike vilevile kwamba wiski nyingi za Kanada hazikukusudiwa kunusiwa namna hii. Zilichanganywa ili zikutane na barafu na soda ya tangawizi, kinywaji ambacho Wakanada hukiagiza kwa mazoea tu, na kuishushia alama wiski ya dola 28 kwa kuwa haina kina ni kuiuliza swali lisiloihusu. Mhakiki muungwana hueleza ameionja kavu au imechanganywa.

Alama na tuzo

Mnamo Novemba 2015 Jim Murray, mhakiki wa Kiingereza anayetoa kitabu cha mwaka cha tathmini za wiski, aliipa Crown Royal Northern Harvest alama 97.5 kati ya 100 na kuitangaza kuwa wiski bora ya mwaka duniani. Ilikuwa ikiuzwa Ontario kwa chini ya dola 40 za Kanada. Rafu zilikauka, na waliochelewa walianza kuuliza kama kweli kinywaji cha bei hiyo kinaweza kuzishinda wiski za Scotland za mamia ya dola. Mwaka 2020 mhakiki huyo huyo akaipa heshima ile ile Alberta Premium isiyopunguzwa makali, tena kwa alama 97.5.

Swali lao lilikuwa limekosewa. Alama za Murray ni za mtu mmoja; hugawanywa sawa kati ya harufu, ladha, ladha inayobaki na uwiano, na mtu huyo hupenda rai waziwazi. Hazikupigiwa kura na dunia. Kwa upande mwingine kuna tuzo za Canadian Whisky Awards, zilizoanzishwa mwaka 2010 na mwandishi Davin de Kergommeaux, ambako majaji huonja bila kujua kilichomo kwenye glasi. Mimi huwa na imani zaidi na njia hii ya pili, ingawa nayo ina udhaifu wake: katika kundi la glasi zisizo na majina, iliyo kubwa kwa sauti huishinda ile ya upole, na wiski ya Kanada kwa maumbile ni ya upole.

Faida ya kuficha lebo inaonekana katika kisa cha WhistlePig. Mwaka 2010 kampuni hiyo ya Vermont ilianza kuuza wiski ya rai tupu ya miaka 10 iliyosifiwa mno na wapenzi wa rai wa Marekani, wakiwemo watu ambao wasingepoteza muda kwa wiski ya Kanada. Ilikuwa imekenekwa Kanada, na kampuni iliinunua ikiwa tayari imekomaa. Kimiminika hakikubadilika kilipovuka mpaka. Kilichobadilika ni lebo, na bei.

Umri nao huhitaji uangalifu. Namba iliyo kwenye chupa ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo. Mahindi yaliyo kwenye pipa la zamani huzeeka taratibu, ndiyo maana Canadian Club iliweza mwaka 2017 kutoa wiski ya miaka 40 kwa takriban dola 250 za Kanada, bei ambayo kwa umri huo Scotland usingeipata. Ni nzuri. Lakini miaka 40 katika pipa lililokwisha kutumika si sawa na miaka 40 katika pipa jipya, ambalo lingeigeuza wiski hiyo kuwa maji ya mbao kitambo.

Unaposoma tathmini, angalia tarehe yake kwa makini kuliko alama. Lot No. 40 ilitolewa mara ya kwanza miaka ya 1990, ikaondolewa sokoni, ikarejea mwaka 2012. Matoleo ya awali yalikuwa na kimea cha rai, ya sasa ni rai isiyo kimea. Kwa hiyo anayenunua chupa leo kwa kutegemea sifa zilizoandikwa zamani anapata wiski tofauti chini ya jina lile lile. Mhakiki makini huandika mwaka wa chupa, kiwango cha kilevi, kama alichokionja alikinunua au alipewa na kampuni, na chupa ilikuwa imefunguliwa kwa muda gani, kwa sababu chupa iliyobaki robo kwa miezi kadhaa huwa imepoteza maua yote niliyoyataja na kubakiwa na mbao.